Soko la hisa likishuka miaka miwili mfululizo, wawekezaji wa muda mrefu mnapata wapi moyo?

#1 MwanaHisa_Nakuru, 14 Novemba 2023

Wakuu, salamu.

Nina hisa za Safaricom nilizokusanya kidogo kidogo tangu 2019. Agosti 2021 bei ilivuka shilingi 40. Leo inazungukia 13. Sijauza na sifikirii kuuza, ila kuna swali linanikosesha usingizi na nataka kuliuliza kwa dhati.

Kila ninayemweleza ananijibu vilevile: vumilia, soko hurudi. Nani alisema lazima lirudi? Kiashiria cha NSE 20, kipimo cha bei za kampuni 20 za soko la hisa la Nairobi, kilivuka 6,000 mwanzoni mwa 2007, leo kinahangaika kwenye 1,500. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa yuko sekondari. Kama huo ndio muda mrefu, basi ni mrefu hasa.

Ninyi mnaoshika hisa miaka na miaka, mnaamini nini hasa? Naomba hoja, methali ninazo za kutosha.

#2 Mkorosho, 14 Novemba 2023

Natandika mkeka hapa. Mada nzuri.

#3 MzeeWaGawio, 14 Novemba 2023

Mleta mada, mimi niko Dar na hisa zangu ni za benki ya CRDB. Nilinunua kwenye toleo la kwanza la hisa kwa umma 2009 kwa shilingi 150. Zikapanda mpaka tukaanza kusalimiana kwa bei, halafu zikaporomoka. Mwaka 2019 zilikuwa chini ya 100, yaani chini ya bei niliyonunulia miaka kumi nyuma. Nilikuwa na wenzangu ofisini, tulinunua siku moja. Wengi waliuza, mmoja akanunua bodaboda na wala simlaumu, bodaboda ilimlipia ada.

Mimi sikuuza kwa sababu sikununua bei, nilinunua sehemu ya benki. Bei ya nazi ikianguka sokoni huendi shambani kukata mnazi. Mwaka huu gawio la 2022, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, lilikuwa shilingi 45 kwa hisa. Piga hesabu juu ya 150: ni asilimia 30 ya mtaji wangu kwa mwaka mmoja, na hisa bado ninazo, bei yake imepita 400. Moyo wangu unatoka kwenye gawio.

#4 KalamuNyekundu, 14 Novemba 2023

Mzee wangu, heshima yako, lakini umeruka miaka ya katikati. Gawio la CRDB la mwaka 2017 lilikuwa shilingi ngapi? Shilingi 5. Wakati bei inaanguka, gawio nalo lilikuwa linaanguka. Kwa hiyo usimwambie kijana kwamba gawio lilikushika mkono wakati wa shida, kwa sababu wakati wa shida lilikuwa halifiki hata nauli.

Na minazi hufa. Nairobi tuna makaburi: Mumias ya sukari iliingia mikononi mwa mrasimu (msimamizi anayewekwa na wadai) 2019, ARM Cement ikawekwa chini ya msimamizi 2018, kampuni ya maduka ya Uchumi ilianguka 2006, ikarudi sokoni 2011, ikaanguka tena. Kenya Airways hisa zake zimesimamishwa tangu Julai 2020. Wote hao walikuwa na wanahisa wa muda mrefu, waliovumilia, wenye moyo. Hatuwasikii kwenye nyuzi kama hizi kwa sababu hawana cha kusimulia.

#5 MzeeWaGawio, 14 Novemba 2023

Kweli kabisa, 2017 ilikuwa 5, na mwaka uliofuata haukuwa bora sana. Lakini benki ilikuwa inapata faida na inalipa. Hiyo kwangu ilitosha. Ingeacha kulipa kabisa na kuanza kukopa ili kulipa mishahara, ningeondoka.

#6 BintiPangani, 14 Novemba 2023

Hapo ndipo swali langu lilipo, mzee. Ukiwa ndani, kampuni iliyoshuka na kampuni inayokufa unazitofautishaje? Baadaye kila mtu anajua. Mwaka wa kwanza wa anguko zote mbili zinafanana.

#7 MpigaHesabu, 15 Novemba 2023

BintiPangani, hazifanani ukisoma hesabu badala ya bei. Angalia waliotajwa #4: karibu wote walikuwa na madeni makubwa kuliko uwezo wa biashara. Kenya Airways ilikopa kununua ndege, watalii wakapungua, na 2017 sehemu ya deni ikageuzwa hisa, wanahisa wa zamani wakabaki na kipande kidogo. Aliyekuwa na moyo alibaki na moyo, ila kampuni haikuwa yake tena. Mimi hutazama vitu vitatu: fedha taslimu zinazotokana na biashara yenyewe, madeni, na maneno ya mkaguzi wa hesabu. Mkaguzi akiandika kwamba ana shaka kama kampuni itaendelea kuwepo, sisubiri ukurasa wa pili.

Sasa Safaricom. Faida imepungua, ndiyo. Waliingia Ethiopia: leseni ya dola milioni 850 mwaka 2021, huduma ikazinduliwa Oktoba 2022, na biashara changa hula pesa. Lakini hapa nyumbani M-Pesa inaingiza pesa kama kawaida na mgao, yaani gawio, wa shilingi 1.20 umelipwa. Kushuka kutoka 40 hadi 13 hakuelezwi na Ethiopia peke yake.

Maelezo yangu ni haya: mara nyingi wageni hufanya zaidi ya nusu ya biashara ya soko letu. Benki kuu ya Marekani imepandisha riba kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi asilimia 5.25 mpaka 5.50. Mgeni anapata zaidi ya asilimia 5 akiwa kwao bila hatari yoyote, akae Nairobi kufanya nini, shilingi inaposhuka kila wiki? Anauza kinachouzika haraka, na Nairobi kinachouzika haraka ni Safaricom. Inaadhibiwa kwa sababu ina wanunuzi. Mwana wa Nakuru, moyo wako uweke kwenye hilo: aliyeuza hakukimbia kampuni.

#8 Msafiri_Minnesota, 15 Novemba 2023

Nikiongeza juu ya #7 kwa sisi tulio nje. Agosti 2021 dola ilikuwa kama shilingi 109, kwa hiyo hisa ya 42 ilikuwa senti 38 na ushee za dola. Leo dola iko 152 na hisa iko 13, yaani senti 8 na nusu. Ninyi mnaona hasara ya asilimia 69, mimi naona 78. Nilituma pesa za jasho nikitegemea kujenga kesho ya nyumbani. Nimebaki nazo, lakini nimeacha kuziongezea mpaka shilingi itulie.

#9 UstadhKilwa, 15 Novemba 2023

Mwana wa Nakuru amesema hataki methali, basi nitasema moja tu nyepesi: subi...

#10 MwanaHisa_Nakuru, 15 Novemba 2023

Ustadh, malizia uone 😂

#11 MamaChama_Kisauni, 15 Novemba 2023

Ndugu zangu, nimesoma yote. Mnabishana kuhusu kampuni na riba, na mimi naona mmeacha kitu kikubwa: tumbo.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama hapa Mombasa. Machi 13, 2020, siku ile kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa, NSE ilisimamisha biashara kwa sababu kiashiria kilianguka zaidi ya asilimia 5. Sisi tulikaa tukakubaliana: tunanunua, tunashika miaka. Kila mmoja alikuwa na imani, nakumbuka vicheko vya siku ile. Bei ikapanda, tukawa mashujaa. Ilipoanza kushuka 2022, kuna waliouza na kuna waliobaki, na mimi ninajua kila mmoja aliuza kwa nini, maana ndiye niliyekuwa naandika daftari.

Hakuna aliyeuza kwa sababu ya Marekani. Mmoja ada ya Januari ilimkuta hana kitu. Mwingine mumewe alipoteza kazi bandarini. Mwingine mamake alilazwa. Waliobaki si kwamba walikuwa na imani zaidi. Walikuwa na akiba kwenye Sacco, au duka, au mtoto anayetuma pesa. Ukiwa na akiba ya miezi kadhaa, bei ya 13 ni habari ya kwenye simu. Ukiwa huna, bei ya 13 ndiyo utakayouzia.

Sasa chama kina sheria: pesa ambayo mwanachama anaweza kuihitaji ndani ya miaka mitano haiingii kwenye hisa, hata akilia. Kwa hiyo mwana wa Nakuru, kabla hujaniuliza naamini nini, mimi nakuuliza Januari umejipangaje?

#12 BintiPangani, 15 Novemba 2023

Mama, huu ndio mchango bora wa uzi mzima. Shukrani.

#13 KalamuNyekundu, 15 Novemba 2023

Nakubaliana na mama nusu. Akiba inakuzuia kuuza, haiifanyi hisa kuwa nzuri. Waliokuwa na hisa za Mumias na akiba nene walikaa mpaka mwisho, wakazikwa nazo. Mwenye dhiki aliyeuza mapema aliokoka.

#14 JiraniMwema, 16 Novemba 2023

Na kuna Japani wakuu. Nchi tajiri, viwanda, kila kitu. Soko lao lilifika kilele 1990 na mpaka leo halijarudi. Miaka 33! Anayesema soko daima hurudi aanzie hapo.

#15 MpigaHesabu, 16 Novemba 2023

Rekebisho dogo: kilele cha Nikkei, kiashiria cha soko la Japani, kilikuwa 29 Desemba 1989, pointi 38,915. Mengine ni kweli, bado hakijafikiwa. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu aliyeweka pesa yake yote siku ile moja, akapokea gawio akalila, asinunue tena. Aliyenunua kila mwezi miaka yote ile, ikiwemo miaka ya chini, hadithi yake ni nyingine kabisa.

Hata Marekani yao si rahisi kama inavyosimuliwa. Kiashiria cha Dow kilianguka kwa karibu asilimia 89 kati ya 1929 na 1932, na hakikurudi kilele chake mpaka Novemba 1954. Kwa upande mwingine, 2020 S&P 500, kiashiria kingine cha Marekani, ilianguka asilimia 34 ndani ya takriban mwezi mmoja, na Agosti mwaka huohuo ilikuwa imesharudi. Ukichagua mwaka, unachagua na somo lake.

#16 Msafiri_Minnesota, 16 Novemba 2023

Hilo la kununua kila mwezi nalithibitisha. Huku makato ya pensheni yanatoka kwenye mshahara kabla sijauona, yananunua mfuko wa kiashiria (unaoshika hisa za kampuni zote za kiashiria kwa pamoja), soko liwe juu au chini. Machi 2020 yalinunua nikiwa nimejifungia ndani kwa hofu. Ingekuwa naulizwa kila mwezi, mwezi ule ningekataa. Sidhani kama hayo ni matumaini. Ni utaratibu tu.

#17 Mbeya_Juu, 16 Novemba 2023

Mnaongea kama kila soko linashuka mkaliona. Njooni DSE, soko la hisa la Dar es Salaam. Vodacom Tanzania ilitoka 850 mwaka 2017, sasa imeandikwa 770. TBL, kampuni ya bia, ilikaa 10,900 miaka bila kutikisika. Mtu wa nje anadhani ni uimara. Ukweli hakuna anayenunua wala anayeuza. Peleka oda kubwa ya kuuza leo kwa bei iliyoandikwa, uone utakavyozeeka.

Sisi wengi ni wawekezaji wa muda mrefu kwa sababu mlango ni mwembamba. Jirani yangu anajisifu hajawahi kuuza hisa kwa woga. Hajawahi kupata mnunuzi.

#18 MzeeWaGawio, 16 Novemba 2023

Mbeya_Juu, hapo umenichekesha lakini umesema kweli. Ila usiweke benki kwenye kapu hilo. NMB ilitolewa kwa 600 mwaka 2008, leo imepita 4,000 na inauzika.

#19 UstadhKilwa, 16 Novemba 2023

Nami nina langu, na si methali. Nimefuta programu ya bei kwenye simu. Hesabu za kampuni nasoma zikitoka, mkutano wa wanahisa naingia, bei natazama nikitaka kununua tu. Shamba la urithi sikuwahi kuuliza bei yake kila asubuhi, na hakuna aliyenishangaa.

#20 MwanaHisa_Nakuru, 16 Novemba 2023

Asanteni wote. Mama wa Kisauni, Januari nimejipanga, ada iko Sacco. Naona kila mmoja ana chake: gawio, hesabu, akiba, utaratibu, kutotazama. Kalamu ndiye amebaki bila chochote cha kuamini.

#21 KalamuNyekundu, 16 Novemba 2023

Naamini kwenye kuuliza maswali, mwanangu.

#22 KalamuNyekundu, 21 Februari 2024

Narudi na taarifa. Serikali ya Kenya imetoa hati ya dhamana ya miundombinu, yaani inatukopa, riba asilimia 18.46, haikatwi kodi. Nimeuza sehemu kubwa ya hisa zangu nikaingia huko. Sasa niambieni, mwenye akili timamu avumilie hisa akisubiri huruma ya wageni, ilhali serikali inamlipa 18.46 akiwa amelala?

#23 MpigaHesabu, 21 Februari 2024

Hati nzuri, hongera. Ila jiulize kwa nini serikali inalipa hivyo. Ina mkopo wa dola bilioni 2 wa kulipa mwezi wa Juni na kila mtu alikuwa na hofu. Riba ikiwa juu hivi, hisa zote zinaonekana takataka. Siku riba itakaposhuka, hesabu inageuka. Kwa hiyo hisa za bei rahisi na hati ya 18.46 zimezaliwa na hofu ileile.

#24 JiraniMwema, 22 Februari 2024

Wakuu! Nikkei leo imepita kilele cha 1989! Nafuta kauli yangu, au niiache?

#25 BintiPangani, 22 Februari 2024

Iache. Aliyenunua kileleni akiwa na miaka 40 leo ana 74.

#26 Mkorosho, 19 Agosti 2025

Nafufua uzi, mkeka wangu bado uko palepale. Safaricom imevuka 25. Wale wa "soko hurudi" mko wapi? Na Kalamu yuko wapi?

#27 KalamuNyekundu, 19 Agosti 2025

Nipo, na kila miezi sita riba yangu inaingia. Sijutii, nililala vizuri.

#28 MpigaHesabu, 19 Agosti 2025

Tuweke hesabu mezani bila kelele. Februari 2024 hisa ilikuwa kama 13. Aliyenunua siku ile ameshazidisha mtaji karibu mara mbili, na mgao juu. Hati ya Kalamu kwa mwaka mmoja na nusu imempa karibu asilimia 28. Lakini aliyenunua kwa 42 mwishoni mwa Agosti 2021 bado yuko chini: bei imevuka 25, ongeza migao ya karibu shilingi 5 kabla ya kodi, jumla 30 na ushee. Miaka minne. Neno "limerudi" linategemea uliingia lini.

Sababu za kupanda: CBK, Benki Kuu ya Kenya, ilikuwa na riba ya asilimia 13 mwanzoni mwa 2024, ikaanza kuishusha Agosti mwaka huo. Dola imetulia kwenye 129.

#29 Msafiri_Minnesota, 19 Agosti 2025

Kwa dola kwangu ni bora zaidi, maana shilingi nayo ilipanda. Nimeanza tena kuongeza.

#30 Mbeya_Juu, 19 Agosti 2025

MpigaHesabu kila kitu kwako ni riba. Mbona CRDB na NMB zimepanda mno bila Marekani wala CBK? Benki zilisafisha mikopo mibovu, faida ikakua, gawio likakua. CRDB ililipa 65 kwa hisa kwa mwaka 2024. Hiyo ni biashara, si riba ya Washington.

#31 MpigaHesabu, 19 Agosti 2025

Inawezekana masoko mawili yana sababu mbili. Lakini hata huko kwenu hatifungani za serikali, yaani hati za dhamana kama ya Kalamu, zilikuwa zinalipa zaidi ya 15 mwaka 2021, kisha zikashushwa. Pesa ilitafuta pa kwenda.

#32 BintiPangani, 19 Agosti 2025

Na #4 irekebishwe: Kenya Airways ilirudi sokoni Januari 2025, na ilitangaza faida kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi.

#33 KalamuNyekundu, 20 Agosti 2025

Nimeiona, asante. Wanahisa walifungiwa zaidi ya miaka minne. Mimi kaburi lile bado nalitembelea kwa tahadhari.

#34 Mkorosho, 20 Agosti 2025

Lakini tukubali, waliokuwa na Safaricom tangu toleo la 2008 kwa shilingi 5 hawajawahi kuona hasara.

#35 MzeeWaGawio, 20 Agosti 2025

Hapana kijana. Mwanzoni mwa 2009 ilishuka chini ya 3, na ilikuja kuiacha 5 nyuma kabisa 2013. Kulikuwa na watu waliokopa benki kununua, toleo likaombwa zaidi ya mara tano, wakapewa hisa chache kuliko walizoomba huku riba ya mkopo inakimbia. Hao ndio ningependa kuwasikia. Wakibaki mpaka leo, mgao wa 1.20 ni asilimia 24 ya bei yao.

#36 MwanaHisa_Nakuru, 20 Agosti 2025

Nimesoma uzi wote upya usiku wa jana. Sijauza. Nilinunua zaidi kwenye 13 na 14, kwa pesa iliyobaki baada ya ada, kama mama alivyosema. Lakini swali langu la kwanza naona halijajibiwa. NSE 20 bado iko chini sana ya 2007. Ikishuka tena mwaka ujao nitakuwa na utaratibu na akiba, ila imani yenyewe bado naitafuta.

#37 MamaChama_Kisauni, 20 Agosti 2025

Itafute mwanangu ukiwa umeshiba, ndivyo inavyotakiwa.

#38 MgeniHapa, 20 Agosti 2025

Habari zenu. Mzee ametaja 2008, nimeshtuka. Marehemu baba alinunua toleo lile, tumekuta karatasi zake tu. Mgao wa miaka yote hiyo umekwenda wapi?

#39 MpigaHesabu, 20 Agosti 2025

Pole kwa msiba. Mgao usiodaiwa kwa muda uliowekwa na sheria hupelekwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa. Haupotei, mrithi anaweza kuudai. Anza na hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kisha nenda kwa msajili wa hisa na namba ya akaunti ya CDS, ile ya kuhifadhia hisa kielektroniki, kama ipo kwenye karatasi hizo.

#40 MgeniHapa, 20 Agosti 2025

Asante sana mkuu. Namba ya CDS ninayo. Kama watoto tuko wanne, lazima wote tutie saini, au msimamizi mmoja anatosha?